Mtoto anahesabu hadi thelathini, lakini "tano" anaandika sifuri. Nimsaidieje?

MamaSwabra wa Ngamiani

Assalam aleikum wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada, hasa kwa walimu wa awali na wazazi mliokwisha kulipitia hili.

Binti yangu ana miaka mitano na nusu, yuko darasa la awali hapa Tanga mjini. Asubuhi shule, alasiri chuoni, yaani madrasa. Kuhesabu kwa mdomo hana taabu, moja mpaka thelathini anateremka nazo bila kukwama. Shida ni daftari. Juzi limerudi na maandishi ya kalamu nyekundu: "Hajui namba. Mzazi asaidie nyumbani." Basi jioni nakaa naye, namwandikia mstari wa juu, yeye ajaze iliyobaki. Mistari ya mwanzo hutoka vizuri. Ikifika katikati ya ukurasa, tatu inageukia upande wa pili, mbili vilevile, saba nayo hivyohivyo. Nikimfutia analia, na penseli anaitupa.

Lakini kinachoniumiza kichwa hasa ni hiki. Nikimwambia aandike tano bila kumwonyesha, anaandika sifuri. Nikimwambia sita, anaandika saba. Sifuri yenyewe anaweka nukta tu, basi. Wala habahatishi, kila siku ni vilevile, na ukimwambia amekosa anakutazama kwa mshangao, anaona wewe ndiye hujui.

Baba yake ni mvuvi, mara nyingi yuko dago, kambi ya wavuvi, kwa hiyo kazi hii ni yangu. Nina kimeza cha nyanya na vitunguu soko la Mgandini, narudi alasiri, na kuna mdogo wake wa mwaka mmoja anayeshika kila anachokiona. Muda wangu na Swabra ni kati ya magharibi na isha. Je, mtoto ana tatizo la akili? Au macho? Nimtafutie tuisheni? Na kama ipo njia isiyotaka kununua vitu, nielezeni tafadhali.

Kijana wa Duga

Pole dada. Ila mtoto asilegezewe. Sisi tulichapwa viganja na namba tukazijua. Mnunulie daftari la hesabu lenye vyumba, aandike kurasa mbili kila jioni, moja hadi kumi, moja hadi kumi. Mkono ukizoea, kichwa kitafuata. Na tuisheni usichelewe, akiingia darasa la kwanza hajui ataachwa.

Bi Mkubwa Chumbageni

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Nimefundisha awali na darasa la kwanza miaka mingi, Pangani kisha hapa mjini. Nimestaafu, lakini hili la watoto na namba bado liko moyoni mwangu, basi niwie radhi nikirefusha.

Hofu ya akili iweke kando. Swabra ana namba za aina mbili kichwani, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye akamwambia kuwa ni aina mbili. Chukua juzuu yake ya chuoni, tazama namba za aya. Tano imeandikwa ٥. Sita imeandikwa ٦. Sifuri ni nukta, ٠. Mtoto ameandika sawasawa kabisa na anavyoona alasiri, ila daftari ni la asubuhi, na aliyeshika kalamu nyekundu hakujua mtoto hushinda wapi baada ya shule. Darasani kwangu kila mwaka nilikuwa na watoto wa namna hii, maana wengi wa watoto wetu hapa Tanga humwona ustadh kabla hawajamwona mwalimu.

Kwa hiyo usimwambie amekosa. Mwambie, "Hii ni tano ya chuoni. Sasa niandikie tano ya shule." Halafu bandika karatasi ukutani usawa wa macho yake, juu za shule, chini yake za chuoni, zikitazamana. Ataona mwenyewe kuwa moja na tisa zinakaribiana, na kwamba zinazogombana hasa ni hizo zake: ٥ na 0, ٦ na 7. Zilizobaki kila moja ina sura yake, hazimsumbui.

Sasa tuje kwenye hayo maneno mekundu. "Hajui namba" ni hukumu nzito isiyosema kitu. Kujua namba ni mambo matatu, na mtoto anaweza kuwa na moja bila mengine. Kuna idadi yenyewe, vile vitu vitano vilivyo mbele yako. Kuna jina, hilo "tano" la mdomoni. Kuna umbo, mchoro wa 5. Kuhesabu mpaka thelathini ni majina tu, na mtoto anaweza kuyaimba vizuri bila kuwa na idadi hata moja nyuma yake. Mpime leo usiku. Mwaga kete za bao au vizibo vya soda mkekani, mwambie, "Nipe vitatu." Kisha vitano, kisha saba. Asiyejua idadi huchota anachokamata akakupa. Anayejua atahesabu kimoja kimoja na kusimama mwenyewe penye tano. Halafu muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya kila unapomuuliza, bado hajajua kwamba neno la mwisho alilolitaja ndilo idadi ya vyote. Hapo ndipo pa kumshika, penseli baadaye.

Na ukipanga safu mbili za vizibo vitano, moja imebanana na nyingine imetawanywa, akakuambia iliyotawanywa ni nyingi zaidi, usishtuke. Jean Piaget wa Uswisi alilionyesha hilo zamani kwa watoto wa umri huu, na watoto wa kwao walijibu kama wa kwetu.

Wewe hapo huhitaji kununua kitu, una kimeza cha nyanya. Jumamosi mpe kazi ya kupanga mafungu. Nyanya tano: mbili huku, mbili huku, moja katikati. Mwanzoni atahesabu kila fungu. Baadaye atatupa jicho tu na kusema tano. Vitu viwili au vitatu hata mtoto mdogo huvitambua kwa jicho bila kuhesabu. Vikifika vinne, vitano na kuendelea jicho linataka mpangilio, na fungu la sokoni ni mpangilio tayari. Kisha kata kipande cha boksi, andika 5 kubwa, kisimamishe mbele ya fungu. Hapo idadi, jina na umbo vimekaa pamoja, tena kwa kitu ambacho mtoto anajua kina thamani nyumbani kwao.

Nyumbani tumia vifuu. Safisha vifuu kumi vya nazi, andika kwa chaki 0 mpaka 9, mpe kete 45 azigawe, kila kifuu kipate idadi yake. Akigawa sawasawa zitaisha zote, haibaki hata moja wala haipungui. Ikibaki au ikipungua anajua kuna kifuu kimekosewa, atakitafuta mwenyewe bila wewe kufungua mdomo. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, alikuwa na sanduku la vijiti 45 la kufanyia kazi hiihii. Na kifuu cha sifuri kinabaki kitupu. Usipite haraka hapo, mwache akitazame, akigeuze, akuulize. Wengi wa watoto wangu sifuri waliielewa siku walipotia mkono kwenye chombo kisicho na kitu.

Kuandika sasa. Tarakimu zote kumi za shule huanzia juu, hakuna hata moja inayoanzia chini. Kwa hiyo ukikaa naye usitazame alichoandika, tazama mkono: umeanzia wapi, umeelekea wapi. Mtoto anayeanzia tatu chini ni rahisi aigeuze, hata umfutie mara ngapi. Kugeuza kwenyewe si ugonjwa. Watoto wa miaka mitano na sita wanageuza kila mahali duniani, na wengi huacha wakikaribia miaka saba au minane. Na zinazogeuzwa zaidi ni zilezile ulizozitaja, 2, 3, 7, pamoja na 9, kwa sababu zinatazama kushoto. Herufi nyingi za shule zinatazama kulia, fikiria B, E, F, K, P, R, na mtoto ameshaling'amua hilo bila kufundishwa, sasa anataka na namba zifuate. Hiyo ni akili inayofanya kazi, mwanangu, isikutie simanzi.

Umeuliza pia bila kujua swali jingine zuri: kwa nini ukurasa huharibika katikati. Ukimpa mistari ajaze, haigi tena mstari wako wa juu. Anaiga alichoandika yeye mwenyewe mstari uliotangulia. Tatu moja ikilegea, ya chini yake italegea zaidi, na ya chini yake zaidi, na wakati huo vidole vimeshachoka. Kurasa mbili za namna hiyo ni kumzoeza kukosea.

Chukua mchanga wa pwani, mkavu, uchekeche, umwage kwenye sinia mpaka ufunike chini. Aandike kwa kidole, namba kubwa, huku mkitaja kwa sauti mkono unachofanya. Tatu: "tumbo, tumbo." Tano: "shingo, tumbo, kofia," na kofia iwekwe mwisho. Saba: "lala, shuka." Tisa: "zunguka, nyooka chini." Akikosea anatikisa sinia, hakuna ufutio wala machozi. Wala usifuate mpango wa moja mpaka kumi, fuata mkono. Za kunyooka kwanza, 1, 4 na 7. Kisha za kuzunguka, 0, 6, 9, ila 6 na 9 usizilete wiki moja. Kisha 2, 3, 5. Nane iwe ya mwisho, mkono wake ni mgumu.

Akitoka mchangani aje kwenye chaki na sakafu. Chaki iwe kipande kifupi kabisa, maana kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimisha kutumia vidole vitatu, na vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Penseli ndiyo ya mwisho. Namba tatu nzuri kwa jioni moja zatosha, kisha mwambie azungushie mwenyewe ile anayoona imetoka vizuri kuliko zote. Utashangaa, mara nyingi atachagua sawasawa.

Kijana wangu wa Duga, nakuheshimu, lakini kwenye fimbo sikubaliani nawe. Watoto waliochapwa kwa ajili ya namba nimewapokea darasa la kwanza. Walikuwa wakifunika daftari kwa mkono wakiandika, na mtoto anayefunika daftari huwezi kuona mkono wake unaanzia wapi. Unabaki na kosa lililokwisha kuandikwa, chanzo chake umekikosa.

Ustadh wa Makorora

Waaleikum salaam warahmatullah. Bi Mkubwa shikamoo, umesema kweli. Nami nimefurahi mama huyu ameuliza, mtoto wa chuoni ni amana yetu sote. Niongeze machache.

Wazazi wengine wakisikia haya wataanza kusema chuo kinamvuruga mtoto kwa sababu tunaandika kutoka kulia. Maneno ndiyo yanayotoka kulia. Namba zenyewe makumi hukaa kushoto na mamoja kulia, sawa na za shule. Kumi na mbili ni ١٢. Tazama, moja iko kushoto, mbili kulia. Kinachotofautiana ni sura za tarakimu, mpangilio ni mmoja. Na asili ni moja vilevile, zote zimetoka Bara Hindi, zikaenea kwa Waarabu, na Ulaya wakazipokea kutoka huko. Kwa hiyo mtoto anayejua zote mbili amejua jambo moja kwa sura mbili, na anastahili kusifiwa.

Angalieni pia msahafu ulio nyumbani umechapwa wapi. Ile ya Madina, nne ni ٤, tano ni ٥, sita ni ٦. Iliyochapwa India au Pakistan mara nyingi nne huwa ۴, tano ۵, sita ۶. Mtoto anaweza kuona sura moja chuoni na nyingine akienda kwa bibi yake. Akikuandikia nne usiyoijua, kabla ya kumkatalia muulize ameiona wapi.

Mimi wanafunzi wangu wadogo nawaambia kuna namba za aya na namba za shule, na nikitaja ukurasa nawaonyesha kwa kidole. Mama Swabra, zungumza na ustadh wa binti yako naye amwambie hivyo kwa kinywa chake. Mtoto akisikia neno moja kwa mama, kwa ustadh na kwa mwalimu, mambo hutulia upesi.

Baba Nasri, Muheza

Wazee shikamooni, dada salaam. Mie nauza machungwa, si mwalimu, lakini wangu wawili wameshapita hapo ulipo.

Saa ya ukutani isiwe ubao wako wa namba. Nasri alikuwa anaisoma 7 vizuri mpaka mama yake alipoanza kumwambia mshale mfupi ukifika pale ni saa moja. Tangu hapo akiona 7 alikuwa anasema moja, akiona 12 anasema sita. Mtoto hakuwa na kosa, kaambiwa hivyo. Saa zetu twazihesabu tangu jua kuchomoza na uso wa saa umechorwa kwa hesabu nyingine. Iache saa mpaka namba zikae imara kichwani, ndipo umfundishe kama jambo la peke yake.

Pesa nayo inadanganya. Watoto wanajua noti kwa mnyama na rangi. Elfu mbili ni simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo. Wangu wa pili akitumwa dukani hakosei noti, lakini 5000 iliyoandikwa kwenye karatasi alikuwa haisomi. Kwa hiyo mtoto akijua pesa usidhani amejua namba, na asipojua namba usidhani hajui pesa.

Kwa mie kilichofanya kazi ni jezi. Nikienda na Nasri uwanja wa Mkwakwani kuwatazama Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, nampa kazi: nitafutie namba 4. Nitafutie 8. Nani kapiga kona? Namba ya mgongoni ni kubwa, inakimbia, inajikunja na shati, na mtoto anajifunza kuitambua hata ikiwa imepinda. Jezi yenye namba mbili ndipo alipojulia kwamba 1 na 4 zikikaa pamoja zinakuwa kitu kingine.

Na wewe dada uko Ngamiani, ambako barabara zenyewe zina majina ya namba, ya kwanza mpaka zimepita ishirini! Mkitoka sokoni muulize tuko barabara ya ngapi, akutafutie kwenye vibao vya maduka. Akikosea, endeleeni kutembea mpaka kibao kinachofuata.

MamaSwabra wa Ngamiani

Mungu awalipe kheri nyote. Nimefungua juzuu, ni kweli tupu. Nilipomwambia "hii ni tano ya chuoni" alicheka kwa nguvu, akaniandikia ya shule papo hapo, kisha akaniandikia na sita zote mbili bila kuulizwa. Nimefarijika mno, hata baba yake nimempigia dago kumweleza.

Vizibo tumefanya. Vitatu na vitano alitoa bila kukosa. Saba akachota tu mkono mzima akanipa. Sinia la mchanga analipenda, tatu yake imeshageuka kuwa tatu.

Nina maswali mawili yamebaki. Shuleni wameanza namba za juu ya kumi. Nikimwambia kumi na tatu anaandika 103, kumi na tano 105. Hii nayo ni ya chuoni? Na la pili, mwalimu wake nimwambieje bila kumvunjia heshima? Ana watoto wengi mno na yuko peke yake.

Bi Mkubwa Chumbageni

Alhamdulillahi. Hiyo saba aliyoichota ndiyo kazi yako kubwa sasa. Mpaka "nipe saba" itoke kwa kuhesabu, nyumbani msikimbilie za juu ya kumi hata kama shule imetangulia.

103 si ya chuoni, Ustadh ameshakueleza kwamba mpangilio ni mmoja. Ameandika alichosikia. Kumi, akaandika 10. Na tatu, akaandika 3. Usimwambie "toa sifuri", maana hatajua kwa nini itolewe wala imekwenda wapi. Kata njiti fupi za chelewa. Hesabuni kumi pamoja, azifunge kwa uzi mwenyewe, hilo liwe kumi moja. Liweke kushoto, njiti tatu zisizofungwa ziwe kulia. Kisha kata vipande viwili vya boksi. Kirefu kiandikwe 10, kifupi kiandikwe 3, na upana wa kifupi uwe sawa na ile sifuri na nafasi yake. Weka 3 juu ya sifuri. Inasomeka 13. Akiinua kipande, sifuri bado ipo chini. Mwache ainue na kushusha anavyotaka, huku mnasema kumi, na tatu, kumi na tatu. Sifuri haijatupwa, imefunikwa, na mtoto anaiona kwa macho. Zikifika ishirini na thelathini, hapo jina halimwambii ni mafungu mangapi, kwa hiyo mafungu mawili au matatu yawe mbele yake kila mnapolitaja.

Mwalimu wake mwendee watoto wakishatoka, daftari mkono mmoja, juzuu mkono wa pili. Kalamu nyekundu usiitaje kabisa. Mfungulie aya, mwonyeshe ٥, mwambie, "Mwalimu, nimeona hiki kwa Swabra, huenda kipo na kwa wenzake." Ukimpelekea hivyo umempelekea msaada, na kwa hakika wenzake Swabra wamo kwenye hayo madawati. Mwombe jambo moja dogo: mtoto akigeuza namba, amwandikie pembeni ile iliyo sahihi na kimshale kinachoonyesha pa kuanzia. Walimu wengi hupenda kuweka nukta pa kuanzia. Kwa Swabra isiwe nukta, ataisoma sifuri.

Tuisheni sioni haja kwa umri huu. Saa hiyo moja acheze mdako na wenzake uani, kurusha kijiwe na kuzoa vingine shimoni kimoja kimoja, viwili viwili, vinaimarisha vidole na hesabu kwa pamoja. Macho ni vizuri mtoto yeyote apimwe kabla ya darasa la kwanza. Ukimwona anasogeza daftari puani au anakunja uso akitazama mbali, usingoje, mpeleke hospitali ya Bombo.

Kijana wa Duga

Bi Mkubwa nimekuelewa, na nashukuru kwa kunijibu kwa upole. Nina mdogo wangu wa miaka minne hapa nyumbani, nitaanza naye na vifuu. Hizo kete zapatikana wapi siku hizi? Madukani sizioni.

Bi Mkubwa Chumbageni

Ni komwe hizo, mwanangu. Zaota vichakani karibu na pwani, mmea wake watambaa na una miiba, ganda nalo lina miiba, kwa hiyo vaa viatu na uende na kisu. Au pita barazani kwa wazee wanaocheza bao. Bao moja linachukua kete 64 na wengi wao huweka za akiba, waombe kwa adabu watakupa. Ukikosa kote, vizibo vinafaa vilevile.

Na MamaSwabra, wewe mwenye mtoto wa mwaka mmoja anayeshika kila kitu: komwe na vizibo visilale mkekani hata usiku mmoja, ukubwa huo ndio unaoziba koo la mtoto. Mkimaliza, Swabra azihesabu zote 45 zikiingia mfukoni, nawe uzihesabu pamoja naye, kisha mfuko uutundike juu kabisa. Ikipungua moja, hakuna kulala mpaka ionekane.